Kuzoea pikipiki mpya

Ndugu mtumikaji, umenunua pikipiki, lakini moyo unapiga ukiingia barabarani. Woga huo si haya. Unaisha kwa kujua kusimama, si kwa kukimbia.

Tafuta uwanja mtupu, uchore mstari chini, ujizoeze kusimama hapo kwa freni zote mbili, polepole. Ile ya mbele inasimamisha zaidi, kwani uzito unakuja mbele. Lakini ukiikamata kwa nguvu kwenye mchanga, utaanguka. Ujue pia: ukitoka kilometre 20 kwa saa kufika 40, njia ambayo freni zinahitaji inakuwa mara 4.

Kaske ifungwe mkanda chini ya kidevu. Ile ya kutundika mkononi inakinga kiwiko tu!

Ukisimama mstarini mara 10 bila kuteleza, ndipo umpakie bibi, naye na kaske yake.