Jinsi vita vilivyobadili afya ya Wakanada

WATU wakizungumza juu ya vita huhesabu maiti, majeruhi na miji iliyobomolewa. Ni wachache wanaouliza vita vilifanya nini jikoni kwa mama aliyebaki nyumbani, au kichwani mwa askari aliyerudi na viungo vyake vyote.

Kanada ni mfano mzuri. Katika Vita Vikuu vya Kwanza (1914-1918), nchi hiyo ilikuwa na watu wapatao milioni 8 tu, lakini iliandikisha wanajeshi zaidi ya 600,000. Katika Vita Vikuu vya Pili (1939-1945), zaidi ya milioni moja walivaa sare. Mapigano makubwa yalikuwa ng'ambo, lakini athari zake zilifika katika kila nyumba. Baadhi ya mambo ambayo sisi madaktari huyaona ya kawaida leo yalikomaa katika miaka hiyo.

Chakula kwa kuponi

Vita vya pili vilipozuka, madaktari waliowapima vijana waliotaka kujiunga na jeshi walikuta wengi hawafai. Nchi ilikuwa imetoka katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na familia nyingi zilikuwa zimezoea kulala njaa. Serikali ikagutuka. Askari dhaifu hapigani, na mfanyakazi mwenye njaa hatengenezi silaha.

Julai 1942 serikali ilitoa Kanuni Rasmi za Chakula. Raia waliambiwa wale kila siku kutoka makundi sita: maziwa, matunda, mboga, nafaka na mkate, nyama au samaki, na mayai. Mtoto alitakiwa kunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa kwa siku. Mwongozo wa chakula ambao Kanada inautumia hadi leo ulitokana na kanuni hizo.

Mwaka huohuo mgao wa chakula ulianza. Sukari ilikuwa kiasi cha gramu 225 kwa mtu kwa wiki. Chai, kahawa na siagi zikafuata, na nyama mwaka 1943. Kila mtu, tajiri kwa maskini, alipewa kitabu cha kuponi. Mwenye fedha hakuweza kujilimbikizia siagi, na maskini ambaye sasa alikuwa na kazi kiwandani aliweza kununua maziwa aliyoyakosa kwa miaka. Kwa hiyo, ingawa kulikuwa na mgao, Wakanada wengi walikula vizuri kuliko kabla ya vita.

Hata hivyo, si wote waliofaidika. Mwaka 1942 watafiti wa serikali walikwenda kaskazini mwa jimbo la Manitoba, wakakuta wenyeji asilia wakiteseka kwa njaa. Badala ya kuwalisha wote, walichagua watu 125 kati ya 300 na kuwapa vitamini. Waliobaki waliangaliwa tu ili walinganishwe nao. Kati ya 1948 na 1952 majaribio kama hayo yalifanywa katika shule sita za bweni za watoto wa wenyeji hao. Katika shule moja watoto walipewa chini ya nusu ya maziwa yaliyopendekezwa, kwa miaka miwili, na wazazi hawakuombwa ruhusa. Mambo haya yalijulikana kwa umma mwaka 2013, baada ya mwanahistoria Ian Mosby kuyachapisha. Elimu ya lishe bila utu inaweza kuwa ukatili.

Damu ya jirani

Zamani majeruhi wengi walikufa kwa kutokwa na damu kabla ya kupasuliwa. Katika vita vya kwanza, daktari wa Toronto, Lawrence Bruce Robertson, aliwaongezea majeruhi damu kwa mabomba ya sindano. Mkanada mwenzake, Norman Bethune, alikwenda Uhispania mwaka 1936 na kuanzisha huduma ya kupeleka damu kwa gari hadi karibu na uwanja wa mapigano.

Katika vita vya pili, raia waliobaki nyumbani walipanga foleni kwa Shirika la Msalaba Mwekundu kutoa damu. Majimaji ya damu hiyo yalikaushwa yakawa unga, yakavushwa bahari, kisha yakachanganywa na maji safi karibu na majeruhi. Mwaka 1947 shirika hilo lilianza kuwapa raia wa kawaida damu hospitalini bila malipo.

Jeraha lisiloonekana

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni akili. Katika vita vya kwanza, askari waliotetemeka, walioshindwa kusema au kulala, waliitwa waoga. Wanajeshi 23 wa Kanada walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la kutoroka au uoga. Ilipofika 2001 serikali ilitangaza kusikitishwa na vifo hivyo, na majina yao yakaingizwa katika kitabu cha mashujaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunamfahamu Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda wakati wa mauaji ya halaiki ya 1994. Alirudi kwao bila jeraha la mwili, lakini hakuweza kulala na alijaribu kujiua. Mwaka 2000 aliondoka jeshini kwa sababu za kiafya. Alipoeleza ugonjwa wake hadharani, askari wengine walipata ujasiri wa kutafuta tiba.

Ugonjwa huo hauwapati wanajeshi peke yao. Aliyenusurika katika ajali ya matatu, aliyevamiwa na majambazi, aliyebakwa au aliyefukuzwa kwake na ghasia anaweza kuupata. Dalili zake ni jinamizi za tukio lilelile, kushtuka ovyo, kukwepa mahali au watu wanaomkumbusha, hasira na kukosa usingizi. Zikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpeleke hospitalini. Kuna ushauri nasaha na kuna dawa. Akizungumzia kujiua, usingoje kesho wala usimwache peke yake.

Usimwambie ajikaze kiume. Wale 23 waliambiwa hivyo.