Kamera ‘mpya’ za bei nafuu: Ni kipi hasa hubadilika?

WANUNUZI wa kamera za bei ya chini wamezoea kuona jina jipya likiingia madukani kila baada ya mwaka mmoja au miwili, nalo likiandamana na bei ya juu kuliko ya toleo lililotangulia. Hata hivyo, historia ya kamera hizo inaonyesha kuwa mara nyingi kinachobadilika ni kioo cha nyuma, kitufe au herufi za jina, huku sehemu inayotengeneza picha ikibaki karibu ile ile.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Canon ya Japani. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilitoa EOS 300D, kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa nchini Marekani kwa dola 899 bila lenzi, wakati ambapo kamera za aina hiyo zilikuwa mali ya studio kubwa na magazeti.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kweli. Kutoka megapikseli 6.3 za 300D, toleo la 350D la mwaka 2005 lilifika 8, na 400D ya mwaka 2006 ikafika 10.1, ikiwa pia na mtambo wa kukung’uta vumbi kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga na ambacho kimechukua nafasi ya filamu. Mwaka 2009, 500D ilianza kurekodi video. Kisha mwaka 2010 ikaja 550D yenye megapikseli 18, na mwendo ukapungua.

Toleo la 600D la mwaka 2011 lilibaki na megapikseli 18, likaongezewa kioo kinachogeuka. Mwezi Juni 2012 ilitoka 650D, ikiwa na idadi ile ile pamoja na kioo cha kugusa na ulengaji bora, mabadiliko ambayo kwa haki yalistahili kutajwa. Miezi tisa tu baadaye, Machi 2013, ikatangazwa 700D. Tofauti yake kubwa na ndugu yake ilikuwa gurudumu la kuchagulia aina ya upigaji, ambalo sasa lilizunguka mduara mzima bila kugota, pamoja na lenzi mpya iliyouzwa nayo. Aliyeuza 650D yake ili anunue 700D alilipia, kwa kweli, gurudumu.

Mtego mkubwa zaidi uko katika ukoo wa bei ya chini kabisa, ule wenye namba za tarakimu nne. Kamera ya 1200D ya mwaka 2014 ilikuwa na megapikseli 18, na 1300D ya mwaka 2016 ikabaki hapo hapo, ikiongezewa kioo chenye picha safi zaidi na uwezo wa kutuma picha kwenye simu bila waya. Mwaka 2018 zilitangazwa kwa pamoja 2000D na 4000D. Mtu wa kawaida angedhani 4000D ndiyo bora, kwa kuwa namba yake ni maradufu. Ukweli ni kinyume. Kamera ya 2000D ilikuwa na megapikseli 24.1, ilhali 4000D ilibaki na 18, ikapewa kioo kidogo cha ubora wa chini, na sehemu ya kufungia lenzi ikawa ya plastiki badala ya chuma. Mwenye 1300D aliyeongeza fedha ili “apande” hadi 4000D alishuka.

Hata pale megapikseli zinapoongezeka kweli, hesabu inahitaji uangalifu. Picha ya megapikseli 18 ina upana wa pikseli 5,184. Ya megapikseli 24 ina 6,000. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ya kwanza inafikia upana wa sentimita 44 na ya pili sentimita 51. Kwa mpiga picha wa harusi au kipaimara ambaye wateja wake huchukua picha za inchi 4 kwa 6, zinazohitaji megapikseli 2 na kidogo tu, tofauti hiyo haitaonekana.

Itakayoonekana ni lenzi. Ile ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera hizi, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu lake kwa kiwango cha f/5.6. Lenzi ya 50mm ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo, huingiza mwanga zaidi ya mara 9. Ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso unaosomeka na ukungu, tena juu ya kamera ile ile ya zamani.

Sababu za kampuni kwenda hatua fupi fupi si siri. Kubuni kihisi kipya ni gharama kubwa, na kukitumia kile kile katika matoleo kadhaa huirudisha. Zaidi ya hayo, simu zimeula uwanja: kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi milioni 121 mwaka 2010, lakini hazikufika milioni 8 mwaka 2023.

Majina nayo huwachanganya wanaoletewa kamera na ndugu walio ng’ambo. Kamera ya 2000D iliuzwa Marekani kwa jina la Rebel T7, na katika nchi kadhaa za Asia kama 1500D. Zote ni kamera moja.

Mtindo huo haukuisha kamera zisizo na kioo cha ndani zilipochukua nafasi. EOS R100, iliyotangazwa mwaka 2023 kwa wanaoanza, ilikuja na megapikseli 24.1 na kichakataji cha DIGIC 8, kama ilivyokuwa EOS M50 ya mwaka 2018. Lakini M50 ilikuwa na kioo cha kugusa kinachogeuka. Cha R100 hakigusiki wala hakigeuki. Lenzi za zamani za EF huifaa kwa kutumia adapta, ambayo hununuliwa kando. Betri yake ni LP-E17, si ile LP-E10 iliyotumika kutoka 1100D hadi 4000D, hivyo mwenye betri za akiba atalazimika kununua nyingine.