Mchele wa Walinzi: Maisha, Mali na Usalama katika Kijiji cha Java

Katika vijiji vingi vya Java, kisiwa chenye watu wengi kuliko vyote nchini Indonesia, mgeni hupokewa kwanza na kibao. Kimechomekwa mwanzo wa kichochoro, mara nyingi kikiwa na rangi iliyopakwa na vijana wa hapo hapo, na kinamtaka yeyote atakayelala aripoti ndani ya saa 24. Haripoti polisi. Anakwenda kwa mwenyekiti wa majirani, mtu asiye na ofisi wala mshahara wa kutajika, ambaye humsikiliza mgeni barazani akiwa kifua wazi na msuli kiunoni.

Msomaji wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa sana huyo ni nani. Ni mjumbe wa nyumba kumi.

Kwa Kiindonesia kundi hilo la majirani huitwa rukun tetangga, yaani maelewano ya majirani, na watu hulifupisha kuwa RT. Asili yake haikuwa ya maelewano hata kidogo. Wajapani walioikalia Java kuanzia 1942 hadi 1945 ndio walioleta mpango wa kuzifunga kaya kwenye mafungu madogo, ili wajue nani yupo, nani katoroka, nani apewe mgawo wa chakula na nani akokotwe kwenda kufanya kazi za jeshi. Vita vikaisha, Wajapani wakaondoka, mafungu yakabaki. Tanzania, TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, na hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi wa shina akabaki kwa CCM huku mambo ya serikali yakiangukia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kenya nayo iliazima jina la nyumba kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika duka la Westgate, Nairobi. Inaelekea kila serikali hufika mahali ikagundua kwamba askari hawatoshi na jirani hana gharama.

Usiku ndipo kijiji cha Java kinapoonyesha kazi yake. Penye njia panda pana kibanda cha mbao au matofali, wazi upande wa mbele, kimeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Hapo hukaa wanaume wa zamu, kila kundi na usiku wake, wakinywa kahawa nzito na kucheza dhumna, karata au keramu. Mtu wa Dunda au Mlingotini, kule Bagamoyo, akipita angedhani ni kijiwe tu. Lakini juu yao imening'inia kentongan, gogo au pingili ya mwanzi iliyotobolewa mpasuo mrefu, na mapigo yake yana lugha. Mapigo ya taratibu husema mambo shwari. Mapigo ya haraka yasiyokatika, yanayoitwa titir, huwatoa watu vitandani: mwizi, moto, mafuriko. Mwezi wa Ramadhani vijana hao hao huzunguka wakigonga magogo na ndoo kuwaamsha watu wale daku.

Walinzi hao huzunguka nyumba kwa nyumba, na hapa pana jambo ambalo pwani yetu haina. Mbele ya kila nyumba hutundikwa kikopo kidogo, nacho mwenye nyumba hukitia mchele kiasi cha kushika kwa ncha za vidole. Mlinzi akipita anaumimina kwenye mfuko wake. Desturi hii huitwa jimpitan. Mchele wenyewe si kitu, lakini nyumba hamsini kwa siku thelathini hutoa mzigo wa maana, na fedha yake hununua balbu ya kichochoro, sanda ya maskini au viti vya shughuli. Faida nyingine imejificha: asubuhi kikopo kikikutwa bado na mchele, kijiji kizima kinajua kwamba walinzi walilala. Ni daftari la mahudhurio lisilohitaji kalamu.

Mambo mengine yanafanana na ya kwetu hadi yanachekesha. Wanawake wana arisan, ambayo ni upatu mtupu, mmoja akichukua kila mwezi. Kuna kazi za pamoja za kuzibua mifereji, ambazo Tanga wangeziita msaragambo. Hata maneno yanapigana pambaja: dunia kwao ni dunia, bendera ni bendera, meza ni meja, habari ni kabar. Amani huitwa aman, na salamu nyingi zinaanza na selamat, ndugu wa salama. Uarabu na Ureno vilipita bandari zote mbili, vikaacha mizigo ileile. Na ngalawa zinazotia nanga pwani ya Bagamoyo, zenye mbao za kuelea pande mbili, wataalamu wengi wanaona ufundi wa kuzitengeneza umevuka bahari kutoka visiwa hivyo, pamoja na watu waliokwenda kukaa Madagaska.

Palipo na tofauti kubwa ni ardhi.

Java ina takriban kilomita za mraba 129,000, kama Mkoa wa Pwani ukiuweka mara nne. Mkoa wa Pwani ulihesabiwa watu milioni mbili katika sensa ya 2022, kwa hiyo Pwani nne zingekuwa na watu milioni nane. Java, kwa sensa ya 2020, ilikuwa na watu milioni 151. Ndiyo maana anayepita huko kwa basi haoni pori. Mashamba ya mpunga yamepanda vilima kwa ngazi, maji yanashuka kutoka jaruba hadi jaruba, na penye maji ya uhakika huvunwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Mkulima mwenye chini ya nusu hekta, yaani ekari moja na robo, ana jina lake rasmi hata kwenye takwimu za serikali: gurem. Neno hilo maana yake ni utitiri wa kuku. Familia nyingi za wakulima wa Java zimo katika kundi hilo, na zisizo na ardhi kabisa hulima ya mwingine kwa kugawana mavuno, mara nyingi nusu kwa nusu.

Viongozi wa kijiji wana suluhisho lao la zamani. Vijiji vingi vya Java vina bengkok, shamba la kijiji ambalo mkuu hulitumia maadamu yuko madarakani, kama sehemu ya malipo yake. Ukiongeza fedha ambazo serikali kuu hupeleka moja kwa moja kwa vijiji takriban 75,000 vya nchi nzima tangu 2015, unaelewa kwa nini uchaguzi wa mkuu wa kijiji huwa mkali kuliko wa bunge. Kipindi chake kilikuwa miaka sita. Sheria ya 2024 imekirefusha kuwa minane. Mwenyekiti wa kijiji Tanzania, mwenye miaka mitano na posho ya kusuasua, angesoma hayo kwa huzuni kidogo.

Hati je? Indonesia ilitunga sheria yake ya msingi ya ardhi mwaka 1960, ikitambua mila, na umiliki kamili ukawekwa kwa raia peke yao. Mgeni akirithi ardhi ya namna hiyo kutoka kwa mke au mume, anapewa mwaka mmoja aiachie. Lakini sheria ni kitu kimoja na karatasi ni kingine. Kwa miaka mingi mwanakijiji alikuwa na risiti ya kodi ya zamani na mstari mmoja katika daftari la ofisi ya kijiji, vitu vinavyolingana na ile karatasi yetu ya mauziano yenye sahihi za majirani wa mpaka na muhuri wa mtendaji. Serikali ilikadiria nchi ina vipande vya ardhi milioni 126, na hadi 2015 vyenye hati vilikuwa milioni 46 tu. Rais Joko Widodo akaanzisha kampeni ya kupima vijiji vizima kwa mkupuo, naye akawa anagawa hati mikutanoni akiwataka watu wazinyanyue juu zihesabiwe.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999, na hati ya hakimiliki ya kimila ikaingia vijijini. Katika ukanda wa Kerege na Mapinga, ambako Dar es Salaam inasogea kila mwaka, mtu aliyewahi kukuta jiwe la msingi la mwingine katika kiwanja chake anaijua thamani ya karatasi. Na watu wa Pande na Mlingotini, ambao ardhi yao iliingia katika mpango wa bandari ya Bagamoyo uliotiwa saini 2013, wanajua pia kwamba karatasi haimzuii mwenye mpango mkubwa. Java nako mabwawa na viwanja vya ndege vimehamisha vijiji.

Katika mirathi, Wajava wana msemo wa mizigo: mwanamume hubeba vikapu viwili kwa mti begani, mwanamke kimoja mgongoni, basi na mafungu yawe hivyo. Wengine hugawa sawa kwa sawa. Ukivuka bahari hadi Sumatra Magharibi, kwa Waminangkabau, ardhi ya ukoo inapita kwa akina mama na Uislamu wao haujatetereka. Wazee wa Kikwere na Kizaramo, ambao nao walihesabu ukoo kwa upande wa mama, wasingeshangaa.

Mali nyingine huning'inia juu. Wilayani Banyumas, Java ya Kati, wagema hukwea minazi asubuhi na jioni, si kwa ajili ya tembo bali kwa utomvu unaochemshwa ukawa sukari ya rangi ya kahawia. Mti unaweza kuwa wa mtu na mgema mwingine, kama minazi ya pwani yetu inavyoweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye shamba. Ukitaka kujua hatari halisi ya vijiji vya huko, usiulize habari za wezi. Ni kuanguka mnazini.

Lakini wezi wapo, na windo lao kubwa ni pikipiki, katika nchi yenye pikipiki zaidi ya milioni 100. Anayekamatwa usiku, titir ikishalia, huwa katika hatari kubwa kuliko aliyeibiwa. Magazeti ya huko yana usemi wao wa kujichukulia sheria, kama ya kwetu yanavyoandika kila siku juu ya wananchi wenye hasira kali. Jicho la jirani hulinda, na jicho hilohilo huhukumu. Mwaka 1998, utawala wa Rais Suharto ulipoporomoka, Banyuwangi mashariki mwa Java iliwaua watu zaidi ya mia kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya hapo, mwaka 1965 na 1966, nusu milioni ya watu au zaidi waliuawa kwa kuitwa wakomunisti, wengi wao vijijini. Jeshi lilipanga, lakini aliyeonyesha nyumba kwa kidole mara nyingi alikuwa jirani. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo wakulima waliokuwa wakidai mashamba waliyoahidiwa na sheria ya 1960, na kwa miongo iliyofuata kudai ardhi lilikuwa jambo la kunong'ona.

Ulinzi wa jirani, hata hivyo, hauhitaji serikali kila mara. Kisiwani Simeulue, nje ya pwani ya Aceh kaskazini mwa Sumatra, wazee walikuwa wakiwasimulia watoto habari za smong, wimbi lililowamaliza mababu mwaka 1907: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya tsunami ya Bahari ya Hindi, watu wakakimbia. Aceh ilipoteza watu zaidi ya 160,000. Simeulue, yenye wakazi kama 78,000, ilizika saba. Wimbi hilo la 2004 lilifika hadi Dar es Salaam na kuua waogeleaji.

Siku hizi mchele unatoweka vikoponi. Kaya nyingi hutia sarafu ya rupia 500, kwa kuwa sarafu hailiwi na panya. Vijana wako Jakarta, Malaysia, Taiwan na Saudia, na zamu ya usiku imebaki kwa wazee na kwa wale wenye kazi za karibu. Asiyefika kibandani hutozwa faini, na faini hiyo hununua kahawa na ndizi za kukaanga za waliofika.