Alama za Mchezo kama Ushahidi: Utumaji wa Matokeo kwa Seva kupitia Itifaki ya HTTP

Mchezo wa Space Invaders, uliotolewa nchini Japani mwaka 1978, ulionesha alama ya juu kabisa kwenye skrini ya mashine yenyewe. Mashine ilikuwa mali ya mwenye ukumbi. Mchezaji hakuwa na ruhusa ya kuifungua. Leo mchezo huendeshwa katika simu au kompyuta ya mchezaji, ilhali orodha ya washindi hutunzwa katika seva iliyo mbali. Makala haya yanafafanua jinsi alama zinavyoifikia seva hiyo, na kwa nini kufika kwake si uthibitisho wa ukweli wake.

Mawasiliano ya HTTP ni ombi na jibu. Mchezo unapokwisha, programu huunda ombi lenye anwani ya seva, mbinu ya kutuma na data, aghalabu katika muundo wa JSON: kitambulisho cha mchezaji, hatua aliyofikia na alama alizopata. Mbinu ifaayo ni POST. GET imekusudiwa kusoma tu. Anwani yake huweza kubaki katika historia ya kivinjari na kufunguliwa tena, alama zikaingizwa pasipo kukusudiwa. Seva hujibu kwa namba ya hali: 201 kumbukumbu inapoundwa, 400 ombi likiwa na kasoro, 429 maombi yanapozidi kiasi.

Tatizo la kwanza ni mtandao dhaifu. Jibu likipotea njiani, programu hutuma tena, na matokeo yale yale huandikwa mara mbili. Tiba yake ni kuupa kila mchezo uliochezwa namba ya pekee, ili seva itambue marudio na kuyapuuza.

Tatizo la pili ni zito zaidi. HTTPS huzuia ujumbe kusomwa au kubadilishwa njiani. Haimzuii mtumaji mwenyewe kudanganya. Hata uthibitishaji wa HMAC, ulioelezwa katika waraka wa RFC 2104 wa mwaka 1997, hutegemea ufunguo wa siri. Ufunguo huo ukifichwa ndani ya mchezo, umekabidhiwa kwa yule yule anayeshukiwa. Kinachoifikia seva ni dai, si tukio lenyewe.

Kinga madhubuti zaidi ni programu kutuma mfululizo wa vitendo vya mchezaji badala ya jumla ya alama, kisha seva kuuendesha mchezo upya na kukokotoa alama yenyewe. Njia hii huhitaji mchezo ambao vitendo vilevile huleta matokeo yaleyale, tena huongeza gharama za seva. Isitoshe, haithibitishi kwamba aliyecheza ni binadamu.

Kwa hiyo, kiwango cha uhakiki kilingane na uzito wa matumizi. Alama za burudani zatosheka na ukaguzi wa mipaka: je, zingeweza kupatikana kwa muda uliotumika? Alama zinazoamua zawadi au tathmini ya mwanafunzi zahitaji ukokotoaji wa seva pamoja na usimamizi wa mtu. Mshauri wa sera anayeletewa takwimu za michezo ya kujifunzia aulize kwanza: ni nani aliyezikokotoa, seva au kifaa cha mchezaji?