Aliye nje haingii, aliye ndani anaogopa kutoka

Tangu Januari 1, 2026, Mtanzania aliyepata nafasi ya chuo Marekani hapewi viza ya masomo, labda awe kwenye misamaha michache iliyowekwa. Tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 16, 2025 liliiingiza Tanzania kwenye zuio la sehemu, pamoja na Nigeria, Zambia, Malawi na nyingine. Ndugu zetu wa Burundi walitangulia. Lao lilianza Juni 9, 2025.

Waliokosa kwenda wamezungumzwa sana. Mimi nawahofia zaidi waliokwishafika.

Viza ni ya kubishia hodi tu. Ukishaingia, kinachokuweka kihalali ni usajili wa chuo na fomu ya I-20. Viza inaweza kuisha ukiwa katikati ya shahada ya uzamivu na ukaendelea kusoma bila kuvunja sheria. Likizo ikifika, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikusainia ukurasa wa pili wa fomu hiyo, ukaja nyumbani, ukaomba viza mpya ubalozini Msasani, ukarudi darasani. Leo sahihi ya chuo ipo, viza ndiyo shaka. Kwa maandishi, zuio linamhusu aliyekuwa nje ya Marekani bila viza hai siku lilipoanza. Lakini nani atamhakikishia kijana kwamba akitoka atarudi?

Kwa hiyo baba akifariki Tabora, mtoto analazimika kuchagua kati ya kuzika na kumaliza shahada. Anayebaki hufuata mazishi kwenye simu, binamu akiinyanyua juu ya vichwa vya watu ili aone jeneza likishushwa, na mtandao unakatika.

Sababu iliyotolewa ni watu kupitiliza muda. Kwa Burundi, tangazo la Juni lilitaja asilimia 17.52 kwenye viza za wanafunzi na wanazuoni. Maana yake zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa na kosa hilo, na wadogo zao ndio wanaofungiwa mlango. Huo ni uonevu.

Utafiti nao unaumia. Anayesomea malaria huko lazima aje bonde la Kilombero kukusanya takwimu, kisha arudi maabara. Asipoweza kurudi, tasnifu inakwama.

Mwenye viza hai iliyotolewa kabla ya Januari 1 hajafutiwa. Mzazi mwenye mtoto huko amuulize viza yake inaisha lini, na tiketi isikatwe kabla hajazungumza na ofisi ya chuo.