Je, Wajua? Gitaa la miaka ya 1870 liligeuka kuni mbele ya kamera

Mpenda sinema wa Themi hakosi kuijua Hatari! ya 1962, iliyopigwa huku kwetu Arusha, John Wayne akikimbiza vifaru wa kweli. Katika The Hateful Eight ya Quentin Tarantino (2015), aliyekuwa hatarini ni gitaa.

Lilikuwa gitaa la kampuni ya Martin la miaka ya 1870, lenye thamani ya takriban dola 40,000, lililoazimwa kutoka makumbusho ya kampuni hiyo huko Nazareth, Pennsylvania. Mpango ulikuwa mwigizaji Jennifer Jason Leigh alipige, kamera zisimame, kisha mwigizaji mwenzake Kurt Russell akabidhiwe nakala ya kuvunja. Nakala zilikuwepo, tena kadhaa. Ila Russell hakuambiwa! Alimpokonya mwenzake lile la asili akalivunjavunja.

Mayowe ya Leigh si uigizaji, na macho yake yanatoka nje ya picha kuwatafuta mafundi wa sinema. Tarantino, bila haya, aliibakiza sehemu hiyo.

Makumbusho yalilipwa fidia, lakini mbao zile hazikuweza kuungwa tena. Yakatangaza kwamba hayataazimisha tena gitaa kwa watengeneza sinema.