Tone Moja la Maji: Glavu za Wauguzi Wetu

Wahenga walisema: Tahadhari kabla ya hatari. Neno hili lawapasa hasa waganga, wauguzi na wakunga wa Masisi na Walikale, ambao hugusa damu ya wazazi wanaojifungua na ya majeruhi wa vita.

Tusidhani hatari iko mbali. Ebola iliyotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilifika hata Pinga, katika eneo la Walikale, mwaka 2019. Ilipotangazwa kwisha mwezi Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki, na miongoni mwao wamo wauguzi. Kabla ya hapo, mwaka 1995, masista sita Waitalia wa shirika la Bergamo walikufa katika mlipuko wa Kikwit wa ugonjwa huo huo, wakiwauguza wagonjwa. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alithibitisha fadhila zao za kishujaa.

Je, glavu hupimwaje? Kiwandani huchukuliwa chache katika kila fungu. Kila moja hutiwa lita moja ya maji, kisha hutundikwa kwa dakika mbili. Tone likitokeza nje, tundu lipo. Mbovu zikizidi kiasi kilichowekwa, fungu zima hukataliwa. Lakini kiwanda hakipimi kila glavu; tena jua, joto na mafuta huharibu mpira njiani na ghalani.

Kwa hiyo makasha yawekwe penye ubaridi na ukavu. Fungu likitiliwa shaka, zipimwe chache kwa maji, nazo zilizopimwa zitupwe. Mwuguzi aitazame glavu kabla ya kuivaa, akate kucha, avue pete. Ikitoboka, aivue mara moja, anawe, avae nyingine. Hata ikiwa nzima machoni, anawe akiisha kuivua, maana tundu dogo halionekani. Na glavu ya mgonjwa mmoja isioshwe ikavaliwa kwa mwingine.

Nasi wazazi na wanafunzi tunayo sehemu yetu. Mwuguzi akikawia kidogo kubadili glavu, tusinung'unike wala tusidhani anatuchukia: anamlinda mgonjwa, anajilinda mwenyewe, na anawalinda wanawe wanaomngoja nyumbani. Maji yakipungua zahanatini, vijana wetu wachukue ndoo wakateke. Msamaria Mwema alitoa mafuta, divai na fedha yake. Sisi hatutashindwa kutoa maji.